Je, ni Uongo Kujiambia Kwamba Hatuumwi?

Lugha yetu ina neno moja ambalo wageni wajifunzao Kiswahili hulistaajabia. Mbwa huuma, nyoka huuma, na jino nalo huuma. Mtu mwenye jino bovu husema, "Jino laniuma," kama asemavyo mtu aliyerukiwa na mbwa njiani. Tena husema, "Naumwa," yaani mimi ndiye niliyeshikwa, na mwenye kuniuma ni mwingine. Katika usemi huu yametengwa mambo mawili: kiungo kiumacho, na mtu aumwaye. Hatudai kwamba wazee wetu walikuwa wakifanya falsafa walipoyasema hayo, maana lugha haitungwi barazani kwa shauri la siku moja. Walakini kati ya mambo hayo mawili pana nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo ndimo lilimo jambo tutakalo kulitafakari pamoja na wasomaji wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Wako watu wengi wenye maumivu sugu. Madaktari huyaita hivyo yakipita miezi mitatu, nayo huweza kudumu miaka: mgongo, magoti, kichwa, miguu ya mwenye kisukari iwakayo moto usiku, mahali palipopasuliwa na kupona huku maumivu yakakataa kuondoka. Baadhi ya watu hao wamefundishwa kuketi kimya, kutuliza pumzi, kukusanya fikira zao zote juu ya kitu kimoja, kisha kujiambia maneno ya kuyapunguza maumivu. Kazi hiyo huitwa hipnosi, na mtu ajifanyiapo mwenyewe bila mwingine kumwongoza, ni hipnosi ya nafsi.

Basi twauliza: mtu ambaye mguu wamuuma, akijiambia kwamba mguu ule umekufa ganzi wala haumuumi, je, asema uongo? Na kama maneno matupu yamempunguzia maumivu, je, maumivu yale yalikuwa ya kweli? Swali la kwanza ni la wenye kufikiri. La pili ni la wagonjwa, nalo lawachoma. Maana mgonjwa ajua ya kuwa siku atakaposema, "Nimejituliza kwa fikira zangu, nami nimepata nafuu," yuko jirani atakayejibu, "Kumbe muda wote ulikuwa ukijisingizia!" Tumewaona watu waliokataa msaada uwezao kuwafaa kwa sababu ya kuliogopa jibu hilo tu.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi kazi yenyewe ifanywavyo, kwa kuwa wengi huiwazia kama mambo ya kiinimacho. Mtu huketi au hulala mahali patulivu. Hukaza macho juu ya kitu kimoja, labda doa la ukutani, hata kope zake zilegee zenyewe. Huvuta pumzi polepole, akahesabu kwa kushuka, kama mtu ateremkaye ngazi. Viungo vikiisha kulegea, huuelekeza moyo wake kwenye mkono mmoja, akauwazia kwamba umetiwa katika maji ya baridi sana, hata wafa ganzi. Wengi huona kweli kwamba mkono umebadilika. Ndipo auwekapo mkono ule juu ya mahali paumapo, akaiwazia ganzi ikitoka mkononi na kuingia pale. Mwisho huhesabu tena kwa kupanda, hufumbua macho, akarudi katika shughuli zake. Hufanya hivi kila siku kwa dakika 10 au 20, hata siku ambazo maumivu ni madogo, maana asiyejifunza kuogelea bahari ikiwa shwari hatajifunza siku ya tufani.

Wala huo si usingizi. Mtu huyo asikia jogoo akiwika na watoto wakigombana uani, na nyumba ikishika moto ataondoka mbio kama wengine. Jina ndilo lililotupoteza. James Braid, daktari Mskochi aliyefanya kazi Manchester katika Uingereza, ndiye aliyelieneza jina hilo kwa kitabu alichokitoa mwaka 1843, akalitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi. Baada ya miaka michache aliona kwamba jina halifai, na mwaka 1847 akataka kulibadili kwa jingine lenye maana ya wazo moja, yaani hali ya moyo uliojaa wazo moja tu hata mengine yakakosa pa kukaa. Lakini jina likiisha kutoka halirudi. Ulimwengu ukaendelea kuiita usingizi.

Kabla ya Braid mambo yalikuwa mabaya zaidi. Franz Anton Mesmer alifika Paris mwaka 1778 akitangaza kwamba mwilini mwa watu hupita nguvu ya namna ya maji isiyoonekana, na kwamba yeye aweza kuiongoza. Watu walimjia kwa makundi. Mwaka 1784 Mfalme wa Ufaransa aliweka baraza la wataalamu kulichungua jambo hilo, na miongoni mwao walikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na Lavoisier, bingwa wa kemia. Walifanya majaribio kwa akili nyingi. Waliwafunga wagonjwa macho, wakawaambia kwamba nguvu inapitishwa kumbe haipitishwi, na wagonjwa wakatetemeka; kisha wakaipitisha bila kuwaambia, na wagonjwa wasisikie kitu. Wakahukumu kwamba nguvu ile haiko, na kwamba yote yatoka katika mawazo ya watu. Hukumu yao ilikuwa ya haki. Lakini watu waliichukua kana kwamba imesemwa, "Ni mawazo tu," na neno hilo dogo "tu" limefanya kazi ya uharibifu hata leo. Kama mawazo yaweza kumtetemesha mtu mzima mbele ya Franklin, basi mawazo si kitu cha kuambiwa "tu".

Katika Bara Hindi, James Esdaile, daktari wa Kampuni ya Waingereza, aliwapasua watu huko Hooghly tangu mwaka 1845 wakiwa wamelazwa kwa njia hiyo, wakati dawa za kulaza wagonjwa zilikuwa hazijaanza kutumika. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mfungwa. Habari hiyo hutufikirisha. Mfungwa wa Kihindi, mbele ya daktari wa Kizungu mwenye kisu, alikuwa na nafasi gani ya kukataa? Hatusemi kwamba Esdaile hakuwasaidia watu. Aliwasaidia wengi wenye uvimbe mkubwa ambao wasingeuvumilia upasuaji mtupu. Twasema tu kwamba kutulizwa na mwenye amri juu yako ni jambo moja, na kujituliza mwenyewe ni jambo jingine. Hili la pili halina bwana, nalo ndilo tulizungumzalo.

Wako wasomaji watakaouliza kama huku si kuingia katika uchawi. Twawajibu kwamba Kanisa lililiangalia jambo hili zamani. Mwaka 1856 Roma ilikataza matumizi mabaya ya mambo hayo, yaani kuyatumia kwa kutabiri, kuwaita wafu na kuyatafuta ya mbali. Na makatazo hayo ni ya haki hata pasipo hipnosi. Lakini tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pius XII, akiwajibu madaktari waliomwuliza juu ya kuwaondolea watu maumivu, alieleza kwamba Mkristo halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, naye aweza kutafuta nafuu kwa njia zilizo halali. Kuketi na kuhesabu pumzi zako si kutabiri, wala hakumwiti mtu kutoka kaburini.

Sasa turudi kwenye maswali yetu. Huku kwetu mtoto akiumia huambiwa, "Jikaze!" Mvulana jandoni huambiwa hivyo, na shuleni aliyeanguka mpirani huambiwa hivyo. Neno lenyewe laonyesha kazi yake: kukaza ni kufunga sana, kama kamba ya mzigo. Aliyejikaza hauonyeshi uso wa maumivu, lakini maumivu yapo, tena labda yameongezeka, maana mwili uliokazwa huuma zaidi. Jandoni jambo hilo huwa na mwisho wake, kwa kuwa kidonda hupona na mvulana hutoka akiwa mtu mzima mbele ya watu. Lakini mwenye mgongo uumao miaka 15 atajikaza mpaka lini? Kamba ikazwayo kila siku hukatika.

Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Königsberg, mji ambao siku hizi ni wa Urusi nao waitwa Kaliningrad, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1798 akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi. Daktari Hufeland alikuwa amempelekea kitabu chake juu ya kurefusha maisha, na Kant akamjibu kwa waraka juu ya uwezo wa moyo wa kuzitawala hisi za ugonjwa kwa kuazimu tu. Humo asimulia jinsi alivyokosa usingizi kwa maumivu, akaamua kuzikaza fikira zake juu ya kitu kisicho na maana kwake. Alichagua jina la Cicero, akayafuata yote yaliyofungamana na jina hilo, moja baada ya jingine, hata maumivu yakafifia akapata usingizi. Asubuhi akaviona vidole vya mguu wake wa kushoto vimewiva kwa wekundu, akajua kwamba ulikuwa ugonjwa wa jongo hasa, wala si ndoto.

Vidole vile vyekundu twavithamini kuliko sehemu nyingine zote za waraka. Ugonjwa ulikuwako, wenye kuonekana kwa macho, na usingizi ulikuja. Mambo hayo mawili yalikaa katika kitanda kimoja. Basi yule jirani asemaye, "Kama fikira zimeyatuliza, hayakuwa maumivu ya kweli," ajibiwe na kidole cha mguu wa Kant.

Hata hivyo Kant aliliita jambo hilo kazi ya azimio, na hapa twafikiri kwamba hakujitazama vema. Mfamasia mmoja Mfaransa, Émile Coué wa mji wa Nancy, aliyekufa mwaka 1926, alifundisha kinyume chake. Yeye alisema kwamba nia ikishindana na mawazo, mawazo ndiyo yashindayo kila mara. Aliye macho usiku na kujilazimisha kulala, huzidi kuwa macho. Atafutaye jina alilolisahau, akilikazania hulikimbiza. Kwa hiyo Coué aliwafundisha watu wake kusema maneno machache mara ishirini asubuhi na jioni, polepole, pasipo kujitahidi, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo ishirini. Kwa maumivu aliwaagiza wapapase mahali paumapo huku wakisema upesi upesi kwamba yanapita. Coué aliahidi mengi mno, na wafuasi wake waliahidi kupita yeye. Hatuwezi kuyapokea yote. Lakini katika hili la kutojitahidi twaona kwamba alikuwa na haki. Naye Kant mwenyewe, ukimtazama pale kitandani, hakuuma meno dhidi ya jongo. Aliugeuza uso wake akamtazama Cicero.

Wataalamu wa siku zetu wamelichungua jambo hili kwa vyombo ambavyo Kant na Coué hawakuwa navyo. Katika Vita Kuu ya pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahoji askari 215 waliojeruhiwa vibaya katika Italia, akaona kwamba walipoulizwa kama wanataka dawa ya maumivu, kadiri ya robo tatu yao walisema hawaihitaji. Aliyaandika hayo mwaka 1946. Baadaye alipowatazama raia waliopasuliwa hospitalini, wenye vidonda visivyozidi vya askari, walio wengi waliitaka dawa. Beecher alifikiri kwamba kwa askari jeraha lile lilikuwa na maana ya kwenda nyumbani akiwa hai, na kwa raia jeraha lilikuwa msiba. Kidonda ni kile kile, na maana yake ni mbali. Nasi tusiokuwa madaktari huliona hilo kila siku: mtoto mdogo akianguka, hutazama kwanza kama mama amemwona, ndipo aamue kama atalia.

Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake katika Canada walitoa habari ya jaribio jingine. Watu waliotiwa katika hipnosi walitumbukiza mkono katika maji ya moto yenye kuumiza. Hawakuambiwa kwamba maji hayana moto. Waliambiwa tu kwamba yanasumbua kidogo, na mara nyingine kwamba yanasumbua sana. Huku nyuma mitambo ilipiga picha za kazi ya ubongo. Sehemu ile ya ubongo ipokeayo habari za mahali na ukali wa moto haikubadilika sana, lakini sehemu nyingine ya ndani, ihusikayo na kusumbuka, ilipanda na kushuka kwa kadiri ya maneno waliyoambiwa. Tazameni basi: kumbe ile nafasi ndogo kati ya "mkono waniuma" na "nateseka" si ya maneno tu, ina mahali pake katika ubongo. Maumivu ni moja na mateso ni jingine, ijapokuwa mara nyingi hutembea wameshikana mikono kama mapacha.

Hapo ndipo swali la uongo lilipo gumu, nasi hatutalikwepa. Katika miaka ya 1970, Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwatia watu katika hipnosi, akawatumbukiza mkono katika maji ya barafu baada ya kuwaambia kwamba hawataumwa. Walisema hawaumwi. Kisha akawaambia kwamba iko sehemu yao iliyofichika ijuayo yote, akaitaka sehemu hiyo iseme. Na baadhi yao wakajibu kwamba maumivu yapo, tena ni makali kuliko walivyosema kwanza. Hilgard akafikiri kwamba ndani ya mtu yuko mtazamaji aliyefichika, ambaye hadanganyiki. Wengine, kama Nicholas Spanos wa Canada, walimpinga wakisema kwamba watu wale walijibu kadiri walivyoongozwa na maswali. Ubishi huo haukwisha kwa kukubaliana. Lakini tuseme Hilgard alikuwa na haki. Je, basi mtu yule asemaye, "Siumwi," huku wa ndani anajua kwamba anaumwa, si mwongo?

Agostino Mtakatifu, Askofu wa Hippo katika Afrika, aliandika karibu na mwaka 395 kitabu kizima juu ya uongo. Aliona kwamba uongo haujulikani kwa maneno kuwa kinyume cha mambo yalivyo, kwa maana mtu aweza kukosea bila kudanganya. Wajulikana kwa nia ya kumpoteza anayesikia. Tukipima kwa pishi hiyo, ni nani apotezwaye hapa? Msemaji ajua kwamba mguu ni mbovu. Msikilizaji ajua pia, kwa kuwa ni yeye yule. Hakuna aliyeibiwa kweli yake.

Twaongeza jambo moja zaidi. Si kila neno lenye sura ya habari ni habari. Mtoto akijigonga, mama humpulizia pale alipoumia, humpapasa akisema, "Basi, basi, yamekwisha." Yamekwisha wapi? Goti linatoka damu! Walakini hakuna mtu katika nchi yetu aliyewahi kumwita mama huyo mwongo. Maneno yake hayakuja kueleza hali ya goti. Yalikuja kufanya kazi, kama mkono wake unaopapasa ufanyavyo. Kazi hiyo twaiita kubembeleza. Twadhani kwamba hipnosi ya nafsi ni mtu kujibembeleza, na neno hilo twalipenda kuliko "kujipumbaza," litumiwalo na wengine, maana aliyepumbazwa ameondolewa akili zake, na aliyebembelezwa amerudishiwa.

Lakini mama yule yule akipeleka mtoto kwa daktari, akaulizwa kama goti linauma, akajibu, "La, yamekwisha," hapo neno lile lile limekuwa uongo, tena wa hatari. Maumivu ni mbwa wa mlinzi. Abwekapo usiku, mwenye nyumba huwasha taa kwanza atazame kama yuko mwizi. Akimnyamazisha mbwa kabla ya kutazama, asubuhi atakuta sanduku limekwenda. Maumivu mapya, maumivu yaliyogeuka, maumivu ya kifua, maumivu ya tumbo pamoja na homa: haya si ya kubembelezwa, ni ya kupelekwa hospitali upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila mwizi akiisha kukamatwa au kukimbia, na mbwa akaendelea kubweka miezi na miaka kwa mazoea, mwenye nyumba ana haki ya kutafuta usingizi. Maumivu sugu mengi ni ya namna hii. Ni mbwa wa kweli, na kubweka ni kwa kweli, ila hakuna tena wa kubwekewa.

Uongo wa pili twauogopa kuliko wa kwanza. Ni pale mtu mwenye afya asimamapo karibu na kitanda cha mwingine akamwambia, "Ni fikira zako; zitawale." Maneno ambayo mgonjwa aweza kujiambia kwa haki, mwingine hana haki ya kumwambia kama amri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wa maumivu wa nchi nyingi, walioungana katika chama kimoja, walipotengeneza upya maelezo yao ya maumivu mwaka 2020, waliandika kwamba mtu asemapo anaumwa, neno lake liheshimiwe. Ni ajabu kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa.

Na kwa nchi zetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu dawa ni chache na maneno ni mengi. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianza Kampala kazi ya kuwahudumia watu wenye magonjwa yasiyopona, akiwapa mofini ya maji ya kunywa, dawa ya bei ndogo, wasife wakilia; na mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu waiandike dawa hiyo, kwa kuwa madaktari hawakutosha vijijini. Mtu mwenye saratani iliyoingia mifupani hahitaji kwanza kufundishwa kuhesabu pumzi. Ahitaji chupa ile. Akiisha kuipata, na akitaka mwenyewe, afundishwe pia kujibembeleza, maana viwili hivyo havigombani. Kiongozi au mhubiri asemaye kwamba Waafrika ni wavumilivu kwa asili, nao waweza kuzishinda taabu kwa nguvu ya moyo, na achunguzwe sana. Mara nyingi ni mtu asiyetaka kununua dawa.

Limebaki jambo la wale wasioweza. Watu hawalingani katika kipawa hiki, kama wasivyolingana katika kuimba. Stanford walitengeneza kipimo chake mwaka 1959, na tangu hapo imeonekana mara kwa mara kwamba wachache huzama sana, wachache hawazami hata kidogo, na walio wengi hukaa katikati. Kipawa hicho hakibadiliki sana kwa miaka. Hakipimi imani ya mtu wala akili yake wala uhodari wake. Kant mwenyewe, katika waraka ule ule, hakuficha kwamba mafua yalimwachia kichwani uzito ambao azimio lake halikuuondoa, ukamharibia kazi yake ya kufikiri. Basi aliyejaribu miezi miwili, akahesabu ngazi zake zote, akatia mkono wake katika maji ya baridi ya mawazo, asione nafuu, aambiwe nini? Mtume Paulo alikuwa na mwiba katika mwili. Aliomba mara tatu uondolewe, nao haukuondolewa. Akaieleza habari hiyo wazi katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, wala hatusomi popote kwamba walimwandikia kumwuliza kama alikuwa ameomba sawasawa.